Homa ya Uti wa Mgongo: Dawa ya Kwanza Isipoleta Nafuu

Mgonjwa amelazwa tangu juzi. Dripu inashuka, antibayotiki zinaingia mshipani, na habari imeshawafikia jamaa wote, kuanzia Leicester hadi Maskati na Mombasa. Siku ya pili inaisha, homa haijashuka na mgonjwa anazidi kusinzia. Hapo kundi la WhatsApp la familia linajaa swali moja: "Kwani dawa haimsaidii?"

Ni swali la haki, na madaktari nao hujiuliza vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba familia nyingi huona jibu ni moja tu: aongezewe dawa kali zaidi, au ahamishiwe hospitali nyingine. Daktari mzuri huanza na swali jingine: kwa nini hapati nafuu? Sababu zipo kadhaa, kila moja ina njia yake, na baadhi haziwezi kujulikana mpaka familia yenyewe iseme inachokijua. Hiyo ndiyo habari ya makala hii.

Kwanza tuuelewe ugonjwa

Jina la homa ya uti wa mgongo huwafanya wengi wadhani tatizo liko mgongoni. Kwa kweli ugonjwa huu hushika utando mwembamba unaofunika ubongo pamoja na uti wa mgongo, na maji safi yanayozunguka humo. Unaweza kuletwa na virusi, fangasi au bakteria. Ule wa bakteria ndio unaoua haraka. Shirika la Afya Duniani linasema takriban mtu 1 kati ya 6 wanaoupata hufariki, na 1 kati ya 5 hubaki na madhara makubwa kama uziwi, kifafa au ulemavu wa viungo.

Kwa sababu hiyo madaktari hawasubiri majibu ya maabara. Mgonjwa huchukuliwa damu, hutolewa maji ya mgongo ikiwezekana, na dawa huanzishwa papo hapo. Kwa mtu mzima na mtoto mkubwa, dawa ya kuanzia katika nchi nyingi ni seftriaksoni au ndugu yake wa karibu. Katika nchi kama Marekani huongezwa vankomaisini. Mara nyingi huwekwa pia deksamethasoni, ambayo haiui bakteria bali hupunguza uvimbe kwenye ubongo.

Zingatia neno hilo: dawa ya kuanzia. Imechaguliwa kwa uzoefu, kulingana na umri wa mgonjwa na bakteria wanaopatikana sana mahali hapo, kabla hajajulikana bakteria mwenyewe ni yupi. Kwa hiyo daktari akibadilisha dawa siku ya pili au ya tatu, usidhani alikosea siku ya kwanza. Mara nyingi maana yake ni kwamba maabara imeshajibu.

Saa 48 za kwanza

Wagonjwa wengi wakipata dawa inayofaa huanza kuonyesha dalili njema ndani ya siku moja au mbili. Maumivu ya kichwa hupungua, akili hurudi, mtoto huanza kunyonya au kumtambua mama yake. Homa ndiyo hukawia. Inaweza kuendelea siku kadhaa hata kama bakteria wameshakufa, na inaweza pia kusababishwa na mambo mengine: mshipa uliovimba pale dripu ilipochomwa, maambukizi mapya ya hospitalini, au mwili kuikataa dawa fulani. Homa peke yake haitoshi kusema tiba imeshindwa.

Dalili zinazotisha zaidi ni hizi: mgonjwa anazidi kupoteza fahamu, degedege linaanza au linarudi, mkono au mguu wa upande mmoja unalegea, matapishi na maumivu ya kichwa vinaongezeka, au utosi wa mtoto mchanga unavimba. Ukiona lolote kati ya haya, usisubiri daktari apite asubuhi. Mwite muuguzi hapo hapo na umweleze kilichobadilika na tangu lini.

Mwongozo wa madaktari bingwa wa maambukizi wa Marekani, uliotolewa mwaka 2004, ulisema wazi kwamba mgonjwa asiyeonyesha nafuu baada ya saa 48 za tiba inayofaa apimwe tena maji ya mgongo. Msisitizo mkubwa uliwekwa kwa mgonjwa mwenye bakteria sugu ambaye pia anapewa deksamethasoni, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kushusha homa na kumfanya aonekane ana nafuu huku bakteria wangali hai. Ili kujua kwa nini saa 48 zimekuwa na uzito huo, tuangalie yaliyotokea Durban.

Somo lililotoka Durban

Kwa miaka mingi penisilini ilimuua kwa urahisi bakteria aitwaye nimokoka, ambaye ni yule yule anayeleta nimonia. Mwaka 1977 madaktari wa Durban, Afrika Kusini, waliripoti watoto wagonjwa, wakiwemo wenye homa ya uti wa mgongo, waliokuwa na nimokoka asiyesikia penisilini wala kloramfenikoli, dawa mbili zilizokuwa tegemeo katika hospitali nyingi za Afrika. Mwaka uliofuata, Johannesburg iliripoti nimokoka sugu kwa dawa nyingi zaidi. Baadaye aina sugu zilionekana Hispania, Marekani na kwingineko, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kukaanza kuripotiwa wagonjwa ambao hata dawa za jamii ya seftriaksoni zilishindwa kuwaponya. Ndipo vankomaisini ikaanza kuongezwa tangu dozi ya kwanza.

Lakini kwa nini bakteria huyo huyo akiwa mapafuni mara nyingi hushindwa na penisilini ya mshipani, na akifika kwenye ubongo anaishinda? Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi. Kazi yake ni kuukinga ubongo na sumu, na dawa nyingi nazo huzuiwa humo. Kiasi kinachopenya ni kidogo kuliko kilichomo katika damu. Ndiyo maana mwaka 2008 taasisi inayoweka viwango vya maabara Marekani ilitenganisha vipimo. Nimokoka wa nimonia anahesabiwa kuwa anaisikia penisilini ya mshipani mpaka kiwango cha mikrogramu 2 kwa mililita. Akiwa kwenye uti wa mgongo, mwisho ni 0.06. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara 30.

Hili linaeleza mambo mawili ambayo familia hushangaa kuyaona. La kwanza ni dozi. Mtu mzima mwenye nimonia anaweza kupewa seftriaksoni gramu 1 au 2 mara moja kwa siku, lakini mwenye homa ya uti wa mgongo hupewa gramu 2 kila baada ya saa 12. Hajazidishiwa kwa makosa. La pili ni kwamba vidonge vya nyumbani, hata viwe vizuri vipi, havifiki ubongoni kwa kiasi cha kutibu ugonjwa huu.

Majibu yakionyesha nimokoka sugu, madaktari huendelea na dawa mbili kwa pamoja, huongeza rifampisini ikiwa bakteria anaisikia, au huchagua dawa nyingine kulingana na maabara. Kisha hupima tena maji ya mgongo kuhakikisha kwamba yamesafika.

Sababu nyingine za kukosa nafuu

Usugu ni sababu moja tu. Nyingine ni hizi.

*Bakteria si wa dawa hiyo.* Yupo bakteria aitwaye listeria, anayepatikana katika maziwa yasiyochemshwa, jibini laini na nyama zilizosindikwa. Seftriaksoni haimgusi kabisa. Dawa yake ni ampisilini au amoksilini ya mshipani, na tiba huchukua angalau siku 21. Huwapata zaidi wajawazito, watoto wachanga, wazee, na watu ambao kinga yao imeshushwa na maradhi au dawa. Mlipuko wa listeria Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018, uliotokana na soseji aina ya poloni, uliwapata watu zaidi ya 1,000 na kuua zaidi ya 200.

*Si bakteria wa kawaida.* Kifua kikuu kinaweza kushika utando wa ubongo. Huanza polepole, kwa wiki kadhaa za homa, kukonda na maumivu ya kichwa, na hutibiwa kwa miezi, si kwa siku. Kwa mtu mwenye VVU ambaye kinga imeshuka, fangasi wanaweza kuleta dalili hizo hizo, na antibayotiki haziwawezi. Na kwa aliyerudi karibuni kutoka Tanga, Kisumu au Bujumbura, malaria kali inaweza kufanana sana na homa ya uti wa mgongo.

*Usaha umejificha.* Maambukizi ya sikio la ndani au ya matundu ya uso yanaweza kuacha jipu ndani ya fuvu. Dawa haipenyi vizuri ndani ya jipu, na hapo huhitajika picha ya kichwa, na wakati mwingine upasuaji wa kulikamua.

*Bakteria wamekufa, lakini madhara yanaendelea.* Maji ya ubongo yanaweza kuziba njia na kuongeza shinikizo kichwani, mshipa wa damu unaweza kuziba na kuleta kiharusi, au degedege linaweza kuendelea bila kuonekana kwa macho. Hapa kubadilisha antibayotiki hakusaidii kitu. Kinachotakiwa ni kutibu tatizo lenyewe, mara nyingi katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Sindano ya mgongo, na kwa nini irudiwe

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Ya kwanza walikubali kwa shida. Ya pili wanakataa. Nyumbani wengi tumesikia kwamba fulani alichomwa sindano ya mgongo akapooza, au akafa. Mara nyingi mgonjwa huyo alikuwa na ugonjwa mkali tayari, na sindano ikabeba lawama.

Kwa mtu mzima, uti wa mgongo wenyewe huishia karibu na usawa wa mbavu za mwisho. Sindano huchomwa chini ya hapo, kiunoni, mahali penye maji na nyuzi za neva zinazoelea. Madhara ya kawaida ni maumivu ya kichwa kwa siku chache na kiuno kuuma. Kupooza ni nadra sana. Kuna hali ambazo daktari mwenyewe huahirisha kipimo, kwa mfano kukiwa na dalili za shinikizo kubwa kichwani, damu isiyoganda vizuri, au mgonjwa akiwa katika hali mbaya mno. Basi ukiwa na hofu usiseme "hapana" tu. Uliza: "Daktari, maji haya yatatuambia nini ambacho hatukijui? Na tusipoyatoa, tutaendelea kwa kubahatisha nini?"

Kipimo cha pili hujibu maswali makubwa. Je, bakteria bado wanaota? Sukari katika maji inarudi kuwa ya kawaida? Kuna dalili za kifua kikuu au fangasi ambazo mara ya kwanza hazikuonekana? Bila majibu hayo, kubadilisha dawa ni kurusha jiwe gizani.

Mambo ambayo ni ninyi tu mnaoyajua

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Daktari wa Minneapolis au Manchester hajui kilichomo katika begi lililotoka Dar es Salaam, wala nani alikuwa akikohoa katika nyumba mliyofikia. Mambo yafuatayo yanaweza kubadilisha tiba siku hiyo hiyo. Yaandikeni kwenye karatasi, mmpe daktari au muuguzi.

1. Dawa yoyote aliyokunywa kabla ya kwenda hospitali, hasa antibayotiki. Watu wengi husafiri na amoksilini au sipro za kununua dukani. Vidonge viwili vitatu havitibu ugonjwa huu, lakini vinaweza kuwafanya bakteria wasiote maabara, na jibu likaja tupu. Peleka hata kasha lenyewe. Hakuna atakayekushitaki kwa kumpa mwanao dawa, ila kunyamaza kunaweza kumgharimu.

2. Safari za miezi michache iliyopita: nyumbani, Hija, Umra, au ugeni uliotoka huko na kukaa kwenu.

3. Aliyekuwa na kifua kikuu katika ukoo au nyumba, hata kama alishapona.

4. Maradhi ya zamani: sikio linalotoa usaha, kuumia kichwa, maji yanayotiririka puani baada ya ajali, kuondolewa bandama, selimundu, kisukari, VVU.

5. Ujauzito, hata kama ni mchanga na haujatangazwa.

6. Mzio wa dawa. Eleza kilichotokea, kama vipele, kuvimba midomo au kubanwa pumzi, badala ya kusema tu "penisilini inamkataa." Kuhara kidogo si mzio, na neno hilo moja linaweza kumnyima mgonjwa dawa bora.

7. Kadi za chanjo, za huku na za nyumbani.

Baadhi ya mambo haya ni ya siri, na si lazima yasemwe mbele ya shangazi, wajomba na majirani waliojaa chumbani. Mwombe daktari mzungumze pembeni. Pia msimfanye mtoto wa miaka 12 awe mkalimani wa habari za VVU au ujauzito wa mama yake. Hospitali za Uingereza zilizo chini ya huduma ya taifa, na zile za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu, zinawajibika kutoa mkalimani bila malipo. Sema "Swahili interpreter" hata kama maneno mengine ya Kiingereza yamekukimbia.

Na haya ndiyo maswali ya kuuliza siku ya pili au ya tatu: Bakteria ameshajulikana? Anaisikia dawa anayopewa? Kuna haja ya kurudia maji ya mgongo au kupiga picha ya kichwa? Mtaalamu wa maambukizi ameshirikishwa? Yaulizwe na mtu mmoja aliyechaguliwa na familia, kwa adabu, kisha awapashe wengine. Simu kumi kutoka nchi tano humchosha muuguzi bila kumsaidia mgonjwa.

Wanaoishi na mgonjwa

Ikiwa bakteria ni meningokoka, watu wa nyumba moja na waliokaa naye kwa karibu hupewa dawa ya kinga, hata kama wako wazima kabisa. Mara nyingi hupewa siprofloksasini, dozi moja. Lakini nayo imeanza kukutana na usugu. Mwezi Mei 2024, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilieleza kuhusu wagonjwa 12 nchini Marekani, Ufaransa na Uingereza waliohusishwa na safari za Umra nchini Saudi Arabia. Wengi wao hawakuwa wamechanjwa, na baadhi ya bakteria waliopimwa walikuwa sugu kwa siprofloksasini. Madaktari wakashauriwa kwamba waliokaa karibu na wagonjwa hao wapewe rifampisini, seftriaksoni au azithromaisini. Kwa hiyo mkiitwa kupewa kinga, tajeni safari hiyo kabla ya kumeza kidonge.

Kinga bora ni ya mapema. Chanjo ya aina A, C, W na Y inatakiwa kwa Hija na Umra, na ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Uingereza huwapa vijana chanjo hiyo wakiwa karibu na miaka 14, na aliyeikosa anaweza kuidai kwa daktari wake kabla ya kutimiza miaka 25. Kwa miaka mingi Marekani imekuwa ikiitoa miaka 11 hadi 12, na ya kuongeza nguvu miaka 16. Mwanafunzi anayetoka nyumbani kwenda kuishi bwenini aulize kabla muhula haujaanza. Watoto waliozaliwa nyumbani huenda walipata chanjo ya nimokoka, iliyoanza Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2013, lakini kadi ioneshwe kwa daktari, isikisiwe.

Mapema ni bora kuliko dawa kali

Dawa hushindwa zaidi pale mgonjwa anapochelewa kufika. Homa pamoja na shingo ngumu, kichwa kuuma vibaya, kuogopa mwanga, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida ni dharura. Kwa mtoto mchanga shingo inaweza isikakamae. Angalia kukataa kunyonya, kulia kwa sauti kali na mwili kulegea. Vipele vikitokea, bonyeza gilasi ya kioo juu yake. Visipofifia, piga simu mara moja. Kwenye ngozi nyeusi vipele havionekani kwa urahisi, kwa hiyo tazama viganja, nyayo, ndani ya kope na kaakaa. Lakini usivisubiri vipele, kwani wengi hawavipati. Nambari za dharura ni 999 Uingereza, 911 Marekani na Kanada, 112 nchi za Umoja wa Ulaya, 9999 Oman na 998 kwa gari la wagonjwa Falme za Kiarabu.

Na mgonjwa akiruhusiwa kurudi nyumbani, kazi haijaisha. Uziwi ni miongoni mwa madhara ya kawaida ya ugonjwa huu, na kwa mtoto mdogo unaweza kufichika kwa miezi, watu wakimwona mkaidi au mchelewa kusema. Uingereza hushauri kipimo cha masikio kifanywe kabla ya kutoka hospitali, au ndani ya wiki 4 baada ya mgonjwa kuweza kupimwa. Usikubali kuondoka wodini bila tarehe ya kipimo hicho iliyoandikwa kwenye karatasi.